Kupoza Kompyuta: Tupime Kwanza, Tununue Baadaye

Desemba iliyopita, shule zilipofungwa, mpwa wangu wa kidato cha sita alifika nyumbani kwangu Dar es Salaam amelikumbatia kasha la kompyuta kama mzazi aliyembeba mtoto mgonjwa. "Shikamoo, mjomba," alisema, na kabla sijamaliza kuitikia akaongeza: "Inachoka."

Kompyuta hiyo aliiunda mwenyewe, kipande kwa kipande, kwa fedha alizopata kwa kutengeneza simu za majirani katika likizo mbili. Aliiunda kwa ajili ya michezo ya kompyuta, wala hakunificha jambo hilo. Mchezo huanza vizuri, alinieleza, lakini baada ya robo saa hivi picha huanza kukwamakwama, na mwendo wa mashine hupungua hadi mchezo usichezeke. Ndani ya kasha nilihesabu feni saba, kila moja ikiwaka taa za rangi zote za upinde wa mvua. Muuzaji alikuwa amemshauri aongeze kipozeo cha maji, ambacho bei yake ilikaribia bei ya prosesa yenyewe. Fedha iliyobaki mfukoni mwa kijana ilikuwa nauli ya kurudi shuleni pamoja na matumizi yake ya muhula mzima, naye alikuwa amekwisha kuamua kuitumia.

Naandika makala haya kwa sababu vijana wa namna hii sasa ni wengi, na kwa sababu naona sisi walimu tunawakosea. Wengine kati yetu hukunja uso tusikiapo neno "mchezo", tukaacha muuzaji awe mwalimu wa fizikia wa mtoto wetu. Maoni yangu ni kwamba kasha lile ni maabara ya joto iliyo bora kuliko nyingi tulizo nazo shuleni, na kwamba kijana aliyefundishwa kupima kabla ya kununua hatanunua hata nusu ya vitu anavyoshauriwa kununua.

Tuanze na tofauti ambayo kila mwanafunzi huikariri na wachache huitumia: joto ni nishati, jotoridi ni kipimo cha kiasi gani kitu kimepata moto. Umeme wote unaoingia katika kompyuta hugeuka kuwa joto. Kompyuta haiinui mzigo wala haivuti maji kisimani. Hesabu zote ifanyazo, na picha zote zichorwazo, mwisho wake ni joto. Kwa hiyo mashine inayotumia wati 400 wakati wa mchezo hutoa joto la wati 400, karibu nusu ya pasi ya umeme ya wati 1000, nalo hutolewa mfululizo kwa saa zote kijana anapocheza. Feni hazipunguzi hata wati moja ya joto hilo. Kwa kweli zenyewe huongeza kidogo. Kazi ya feni ni uchukuzi tu.

Tatizo hili si geni. Kompyuta ENIAC, iliyoonyeshwa hadharani Marekani mwaka 1946, ilitumia umeme wa kilowati 150 hivi, nayo ilihitaji mitambo yake ya kupuliza hewa. Cray-1 ya mwaka 1976 ilipozwa kwa gesi ile ya mafriji. Prosesa za Pentium zilipotoka mwaka 1993 zilitumia wati zisizofika 20, na watu walishangaa kuona kompyuta ya mezani ikihitaji feni juu ya prosesa yake. Leo prosesa ya Intel Core i9-14900K, iliyotolewa mwaka 2023, yaweza kufikia wati 253, na kadi ya picha ya Nvidia RTX 5090 ya mwaka 2025 imepangiwa wati 575. Mashine ya mpwa wangu ni ya hali ya kati: wati 100 hivi kwa prosesa, 220 kwa kadi ya picha, na zilizobaki kwa vifaa vingine.

Sasa, joto hilo husafiri vipi? Hapa namwomba mwalimu wa fizikia achukue chaki aandike ubaoni sheria ya Ohm. Mahali pa mkondo wa umeme aweke mtiririko wa joto kwa wati. Mahali pa volti aweke tofauti ya jotoridi. Na mahali pa ukinzani aweke ukinzani wa joto, yaani nyuzi ngapi za tofauti zinahitajika ili kusukuma wati moja. Kutoka katika prosesa joto hupita kwenye ute unaopakwa juu yake, likaingia katika shaba, likapanda hadi kwenye mapezi ya alumini, likachukuliwa na hewa iliyomo kasheni, na hewa hiyo hatimaye ikatoka nje na kuingia chumbani. Ni msururu wa vikinzani, kimoja baada ya kingine. Ikiwa kati ya prosesa na hewa ya kasheni ukinzani ni nyuzi 0.45 kwa wati, basi wati 100 zitaiweka prosesa nyuzi 45 juu ya hewa hiyo. Hewa ikiwa na nyuzi 32 za Selsiasi, prosesa itakuwa na 77. Hewa ikiwa na 49, prosesa itataka kufika 94.

Katika mfano huo mdogo mna jambo ambalo sijapata kuliona limeandikwa juu ya boksi la feni yoyote. Feni za kasha haziwezi kuifanya hewa ya ndani iwe baridi kuliko hewa ya chumbani. Basi faida yote unayoweza kuipata kwa kuongeza feni, hata uweke ishirini, haizidi tofauti iliyopo sasa kati ya hewa ya kasheni na hewa ya chumbani. Tofauti hiyo ikiwa nyuzi 3, hakuna feni duniani itakayokupa nyuzi 4. Ikiwa nyuzi 17, kuna kitu kimeziba au kimegeuzwa, na yumkini kinaweza kurekebishwa bila kununua chochote. Kipimajoto kimoja cha maabara kitamwambia mwanafunzi yuko upande gani, na bei yake ni ndogo kuliko ya feni moja yenye taa.

Kuna sababu nyingine ya kupima wenyewe. Maelezo mengi ambayo vijana wetu huyasoma kuhusu vipozeo hutoka katika maabara za Ulaya na Marekani ya Kaskazini, ambako chumba cha majaribio huwa na nyuzi 20 au 21. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu Ujerumani, kompyuta yangu haikunisumbua hata siku moja. Wakati wa baridi niliiweka karibu na miguu yangu kwa makusudi. Kifaa kile kile kilichosifiwa kule kwa kuiweka prosesa katika nyuzi 75 kitaiweka katika 87 hivi kwenye chumba cha Dar es Salaam chenye nyuzi 33. Hapo hakuna aliyedanganya. Ila msomaji wa huku hana budi kusoma nambari ya tofauti, siyo nambari ya mwisho, kisha aongeze jotoridi la chumba chake mwenyewe. Prosesa nyingi za siku hizi zimepangwa kupunguza mwendo wao zinapofika nyuzi 95 au 100. Tukianza nyuzi 12 juu ya wenzetu, ile nafasi iliyobaki ni finyu.

Tukarudi kwa mgonjwa wetu. Chumbani kipimajoto kilionyesha nyuzi 32. Tuliingiza kingine kasheni kwa tundu la nyuma, tukaanzisha mchezo, tukangoja nusu saa. Kilionyesha 49, na prosesa ilikuwa imefika kikomo chake cha 95 na kuanza kujipunguzia mwendo. Kipozeo cha maji alichoshauriwa kingefungwa katika kasha hilo hilo, kikavuta hewa ile ile ya nyuzi 49. Nilimwacha kijana aitazame nambari hiyo kwa muda bila kusema neno.

Kisha nikaomba kijiti cha udi. Dada yangu hakosi udi nyumbani, na moshi wake ni mwembamba na hufuata hewa kwa utiifu. Tulipousogeza mbele ya kasha, moshi haukuingia: uso wa mbele ulikuwa kioo kizima, na hewa ilipaswa kupita katika mwanya wa upana wa kidole pembeni. Tulipousogeza juu, moshi ulimezwa ndani badala ya kusukumwa nje. Feni mbili za juu zilikuwa zimefungwa kichwa chini miguu juu, zikiirudisha ndani hewa moto iliyojaribu kupanda. Feni huvuta hewa kwa upande ulio wazi na kuitoa kwa upande wenye vile viguzo vinavyoshika mota. Kijana alizifunga hivyo kwa sababu upande wa taa ulipendeza zaidi ukitazama nje. Nyumba za zamani za mwambao, zilizojengwa na mafundi ambao hawakuwa na kipimajoto, zina ua katikati na madirisha yanayotazamana, kwa maana aliyezijenga alijua kwamba upepo hauingii mahali ambapo hauna pa kutokea. Kasha lile lilikuwa chumba chenye madirisha saba yote yamefungwa.

Feni zinazohitajika ni ngapi hasa? Hesabu hii yafaa kwa kidato cha tatu. Hewa yenye nyuzi 32 katika usawa wa bahari ina tungamo la kilo 1.16 hivi kwa kila meta ya ujazo, na kilo moja ya hewa huhitaji juli 1005 ili kupanda uzi mmoja. Tukikubali hewa itoke na nyuzi 10 zaidi ya ilivyoingia, kila meta ya ujazo itabeba juli 11,600 hivi. Gawanya 400 kwa 11,600: tunahitaji lita 34 kwa sekunde, ambazo ni kama meta za ujazo 124 kwa saa. Feni ya NF-A12x25 ya kampuni ya Noctua ya Austria, yenye upana wa milimeta 120, imeandikiwa meta za ujazo 102 kwa saa inapozunguka mara 2000 kwa dakika. Lakini nambari hiyo ni ya feni isiyozuiwa na kitu. Ndani ya kasha kuna chujio, wavu na vifaa vinavyoikinga njia. Kwa tahadhari tuchukue nusu. Feni tatu za kuingiza zatupa 153, nayo yatosha na kubaki. Ongeza moja ya kutoa hewa nyuma. Nne, wala si saba.

Feni hizo zisiwe ndogo, wala zisikimbizwe ovyo. Ya milimeta 140 ina eneo kubwa kuliko ya 120 kwa asilimia 36, hivyo huweza kupitisha hewa ile ile kwa mwendo wa pole zaidi. Na mwendo ndio siri. Kiasi cha hewa hufuata mwendo wa feni. Kanieneo hufuata mwendo kipeo cha pili. Umeme unaotumika hufuata mwendo kipeo cha tatu. Mwendo ukipunguzwa nusu, hewa hupungua nusu, lakini umeme hushuka hadi sehemu moja ya nane, na kelele hupungua kwa desibeli 15 hivi. Basi feni mbili za nusu mwendo, njia ikiwa wazi, hupitisha hewa sawa na moja inayokimbia kwa robo tu ya umeme na kwa kelele pungufu ya desibeli 12. Vijana wengi hawajui kwamba ubao mkuu wa kompyuta una mpango wa kuongoza mwendo wa feni kufuatana na jotoridi. Mpango huo huja pamoja na mashine, na haulipiwi.

Nimesema "njia ikiwa wazi" kwa sababu ya hicho kipeo cha pili. Kanieneo la feni ni dogo ajabu. Hata hiyo ya Noctua, ambayo husifiwa kwa nguvu, hufikia milimeta 2.34 za maji tu. Mwalimu anaweza kuonyesha kwa neli ya umbo la U jinsi tofauti hiyo isivyoonekana kwa macho ya aliye dawati la nyuma. Kioo mbele ya feni, chujio zito, au vumbi la mwaka mzima ni ukuta mbele ya nguvu ndogo namna hiyo. Ndiyo maana sioni haya kusema kwamba kasha la bei nafuu lenye uso wa matundu ni bora kuliko la fahari lenye uso wa kioo. Kioo kinauzwa kwa macho.

Juu ya vipozeo vya maji nisieleweke vibaya. Maji ni mchukuzi hodari: ujazo mmoja wa maji hubeba joto mara 3,500 hivi kuliko ujazo huo huo wa hewa kwa kila uzi. Yana faida pale prosesa inapotoa wati 250 mahali padogo kama kiganja cha mtoto, kwa kuwa hulihamisha joto haraka hadi kwenye mapezi makubwa. Lakini mapezi hayo nayo hupozwa kwa feni na hewa. Mzigo umehamishwa kutoka chumba hiki hadi kile, haujatoka nyumbani. Kwa prosesa ya wati 100, kipozeo cha hewa chenye mapezi ya kutosha kinatosha kabisa, na hakina pampu ya kufa.

Mwanafunzi mmoja wa sekondari niliyemtembelea darasani aliwahi kuniuliza: kwa nini basi tusiiweke kompyuta ndani ya friji? Wenzake walicheka, swali lilikuwa zuri kuliko vicheko vyao. Friji la nyumbani limeundwa kuondoa joto dogo linalopenya kuta zake na la chakula kinachoingizwa, siyo wati 400 zisizokoma. Mota yake ingefanya kazi bila kupumzika, na ndani kungepata moto vile vile. Tena kuna jambo baya zaidi. Hewa ya mwambao imejaa mvuke, na wakati wa joto hutosha kuipoza hadi nyuzi 24 au 25 tu ili mvuke uanze kugeuka matone, kama tuonavyo nje ya glasi ya maji baridi. Kompyuta iliyopozwa friji, ikitolewa na kuwashwa, ingelowa.

Watu wa bara wana hesabu yao nyingine. Nairobi ipo meta 1,795 hivi juu ya usawa wa bahari, na meta ya ujazo ya hewa yake ina tungamo pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko ya pwani. Feni hupitisha ujazo ule ule, lakini mzigo unaobebwa ni mdogo. Bahati nzuri chumba cha Nairobi huwa na baridi zaidi, na baridi hiyo hulipa hasara na kuzidi.

Ama vumbi, hilo ni letu sote. Hapa ningependa kuwaomba wakuu wa shule wanisikilize, hata wale wasiojali michezo. Nimeona chumba cha kompyuta katika shule moja ambamo mashine zimefungiwa ndani ya makabati ya mbao kwa hofu ya wezi, zikafunikwa vitambaa vya kufumwa kwa heshima, na kuwashwa hivyo hivyo. Mapezi ya ndani yalikuwa yamevaa blanketi la vumbi jekundu. Walimu walisema mashine "zimezeeka". Hazikuzeeka, zilikuwa zikijipunguzia mwendo zisiungue. Kabati litobolewe chini mbele na juu nyuma, na kufuli libaki palepale. Feni za kuingiza ziwe na nguvu kuliko za kutoa, ili hewa iingie kwa mlango wenye chujio na itoke kwa nyufa, badala ya vumbi kunyonywa kwa kila ufa. Chujio lioshwe kwa maji mara moja kwa mwezi, na wakati wa kiangazi mara mbili. Kazi hiyo apewe mwanafunzi mwenye kipimajoto na daftari, aandike jotoridi kabla na baada ya kuosha. Hakuna jaribio la upoaji katika vitabu vyetu litakalomfundisha zaidi.

Kwa mpwa wangu tulikiondoa kioo cha mbele, tukaweka mahali pake wavu na kitambaa chepesi cha nailoni. Tuliacha feni tatu mbele na moja nyuma, tukazitoa tatu zilizobaki, naye akaziuza kwa rafiki yake (sikuuliza kwa bei gani, wala kama alimweleza). Tukapima tena kwa mchezo ule ule, nusu saa ile ile. Hewa ya kasheni ilikuwa nyuzi 40 badala ya 49, na prosesa ilisimama kwenye 86 ikienda kwa mwendo wake kamili. Nauli ilisalimika.

Siku tatu baadaye dada yangu alinipigia simu kulalamika kwamba chumba cha mwanawe sasa kimekuwa tanuri kuliko kabla ya matengenezo yangu. Hakukosea. Prosesa ilipokuwa ikijipunguzia mwendo ilitumia umeme mchache; sasa inazitumia wati zake zote, nazo zote hutoka kasheni na kuingia chumbani, ambamo dirisha ni moja na pazia ni zito. Nilimwambia ampe simu kijana. "Mjomba," alisema, "nimeshapima. Chumbani ni 35, barazani ni 31." Alikuwa akitafuta mahali pa kutoboa.